Rangi 4 zina jozi 10, kwa nini duara la vipeo 9 linazikataa?

#1 Mchorageti

Habari wakuu. Naomba mnisaidie kwenye jambo ambalo limenikaa kichwani.

Chora duara la vipeo 9, yaani nukta 9, kila moja imeungana na jirani zake wawili tu. Unapata kingo 9. Sasa paka kila kipeo rangi. Sharti ni moja: ukinitajia rangi za ncha mbili za ukingo fulani, niweze kukuonyesha ukingo huo bila kubahatisha. Maana yake hakuna kingo mbili zenye jozi moja ya rangi. Majirani wanaruhusiwa kufanana rangi, ila jozi hiyo nayo isitokee tena. Nyekundu na bluu ni sawasawa na bluu na nyekundu.

Rangi 3 zina jozi 6, na duara la 6 linakubali kabisa. Ziite rangi 1, 2, 3, kisha zungusha hivi: 1,1,2,2,3,3. Jozi ni 11, 12, 22, 23, 33, na 31 ya kufungia. Hakuna iliyobaki nje.

Rangi 4 zina jozi 10. Duara la 8 limekubali: 1,1,2,2,3,3,4,4. Zimebaki 13 na 24. Nikasema basi 9 itapita, na 10 itapita. Hazipiti! Jozi zipo, nafasi zipo, duara linakataa. Kwa nini?

#2 JogooWaKodi

Mkuu, hapo usiumize kichwa, mpe mashine. Kwa vipeo 9 na rangi 4, mipangilio yote ni 262,144. Nimeandika programu fupi, imepitia yote papo hapo. Hakuna hata mmoja unaokubali. Kwa vipeo 10 ni 1,048,576, nayo sifuri. Jibu ndilo hilo, haiwezekani.

#3 Mchorageti

@JogooWaKodi asante, lakini mimi sikuuliza kama inawezekana. Nimeuliza kwa nini.

#4 Mwl_Chaki

Swali zuri sana, na jibu lake ni fupi.

Chagua rangi moja, tuseme 1. Tembea kwenye duara ukilizunguka lote. Kila ukiingia kwenye rangi 1 kutoka rangi nyingine, lazima baadaye utoke kwenda rangi nyingine, maana duara halina mwisho wa kukwama. Kuingia kumoja, kutoka kumoja. Kwa hiyo kingo zinazounganisha rangi 1 na rangi tofauti ni lazima ziwe namba shufwa.

Sasa ukiwa na rangi 4, rangi 1 ina wenzake watatu: 12, 13, 14. Tatu ni witiri. Huwezi kuzitumia zote, mwisho ni mbili. Hivyo hivyo kwa rangi 2, 3 na 4. Kila rangi inashiriki jozi za mchanganyiko 2 tu, rangi ziko 4, gawa kwa 2 kwa kuwa kila jozi ina rangi mbili: unapata 4. Ongeza jozi za rangi na yenyewe, nazo ni 4. Jumla 8. Hapo ndipo ulipogota, na yeyote atagota hapo hapo.

#5 BarazaniShangani

Asalaam aleikum jamaani. Mbona mnazunguka mbuyu, hii ni dhumna!

Chukueni seti ya kawaida, namba 0 mpaka 6. Namba ni 7, kete ni 28. Kila kete ni jozi moja, na hakuna kete mbili zinazofanana. Kupanga kete namba kwa namba mpaka mstari ujifunge ndiyo hilo duara lenu: kete ni ukingo, pale kete mbili zinapokutana ndipo kipeo, na namba ndiyo rangi. Kwa namba 7 unazipanga kete zote 28 na duara linafunga, kwa sababu kila namba ina wenzake 6, na 6 ni shufwa kama alivyosema Mwalimu.

Toeni kete zote zenye 6 muone. Zinabaki namba 6 (0 mpaka 5) na kete 21. Fungeni duara basi. Mtakesha. Kete 3 zitabaki mkononi kila mara.

#6 Nyakati_za_Kisumu

Wah, hii ya dhumna imeniingia haraka kuliko ya Mwalimu. Pole Mwalimu.

#7 Mwl_Chaki

@Nyakati_za_Kisumu usijali, mwanafunzi akielewa kwa jirani bado ameelewa. Lakini angalieni, @BarazaniShangani ametuonyesha kwamba inatokea, na sababu amekuja kuichukua kwangu!

#8 BarazaniShangani

Sababu tulikuwa nayo barazani kabla ya chaki, Mwalimu. Kila mcheza dhumna anajua: kete zote zikichezwa bila mchezo kukwama, ncha mbili za mstari lazima zifanane.

Ndiyo maana kuna ule mchezo wa kumshangaza mtu. Ficha kete moja mfukoni, isiwe dabo (kete yenye namba ile ile pande zote mbili). Mwambie azipange 27 zilizobaki mstari mmoja, zote ziingie. Kabla hajaanza, mwambie mstari utaanzia namba gani na kuishia namba gani. Ni zile mbili za kete iliyo mfukoni mwako. Atadhani una jini.

#9 Tausi_K

@BarazaniShangani nimeijaribu kwa kaka yangu sasa hivi, amenipekua hadi chini ya mkeka. Asante sana.

#10 Mhandisi_Mdogo

Kwa hiyo kanuni ya jumla ni jozi zote? Rangi 8 zina jozi 36, basi duara la 36 linakubali rangi 8.

#11 Mwl_Chaki

@Mhandisi_Mdogo hapana, soma tena #4. 8 ni shufwa, kila rangi ina wenzake 7, unatumia 6. Michanganyiko ni 8 mara 6 gawa kwa 2, yaani 24. Ongeza dabo 8, unapata 32. Jozi 4 zinapotea.

Tukiita idadi ya rangi k:

k ikiwa witiri, duara refu kuliko yote ni k(k+1)/2.
k ikiwa shufwa, ni k²/2.

Kwa hiyo rangi 3 zinafika 6, rangi 4 zinafika 8, rangi 5 zinafika 15, rangi 6 zinafika 18, rangi 7 zinafika 28, rangi 8 zinafika 32, rangi 9 zinafika 45, rangi 10 zinafika 50. Mchorageti, duara lako la 9 linataka rangi 5, na hizo hizo 5 zitakubeba mpaka 15.

Tazameni rangi ya shufwa inavyoongeza kidogo: kutoka 5 kwenda 6 unapata kingo 3 tu zaidi, lakini kutoka 6 kwenda 7 unapata 10.

#12 Mchorageti

Nimeelewa kwa nini haizidi. Bado sijaridhika kwamba inafika. Mwalimu amethibitisha huwezi kuvuka 15 kwa rangi 5, lakini nani kasema 15 yenyewe inapatikana?

#13 Swila

Umeuliza jambo la msingi. Hii ni kazi ya mwanahisabati Euler. Mwaka 1736 alithibitisha kwamba ukiwa na mtandao ulioungana na kila kipeo chake kina njia shufwa, unaweza kuzipita zote mara moja moja na kurudi ulipoanza. Ile ya fumbo la kuyavuka madaraja 7 ya mji wa Königsberg, kila moja mara moja tu.

Chukua rangi zenyewe ziwe vipeo, jozi ziwe njia. Dabo ni kitanzi kinachotoka kipeoni na kurudi hapo hapo. Duara lako ni safari ndani ya mtandao huo. Rangi 5: kila kipeo kina njia 4 kwenda kwa wenzake, shufwa, basi safari ipo. Hii hapa:

1,1,2,2,3,3,4,4,5,5,1,3,5,2,4

Mwanzo zunguka nje ukipitia dabo zote, kisha chora nyota ya pembe tano.

#14 Mtafiti_Bara

@Swila nakubaliana nawe kwenye hoja, ila historia irekebishwe kidogo. Euler aliwasilisha kazi hiyo mwaka 1735 kwenye Akademia ya Saint Petersburg. Alionyesha wazi upande mmoja: vipeo vya witiri vikizidi viwili, safari haipo. Upande wa pili, kwamba vikiwa vyote shufwa safari ipo kweli, aliutaja bila uthibitisho kamili. Uthibitisho uliochapishwa ni wa Carl Hierholzer, mwaka 1873, wakati yeye mwenyewe alishafariki mwaka 1871. Mji wa Königsberg siku hizi ni Kaliningrad, Urusi.

Swali la Mchorageti ndilo alilojibu Hierholzer, na njia yake ni nzuri: anza popote, tembea mpaka urudi, kama kuna njia zilizobaki, tafuta kipeo ulichopita ambacho bado kina njia, anzia hapo mzunguko mwingine, uubandike ndani ya ule wa kwanza. Rudia mpaka ziishe.

#15 Nyakati_za_Kisumu

Mzee Hierholzer apewe maua yake. Kumbe watu wanafanya kazi, sifa inaenda kwa mwenye madaraja.

#16 Dada_Seti

Mimi naona maelezo ya Mwalimu yanaanzia mbali. Msitazame jozi zilizotumika, tazameni zilizobaki.

Kwa rangi 4, kila rangi lazima iache angalau mwenzake mmoja. Zile zilizoachwa zinawapanga wote wawili wawili, kama 13 na 24 za Mchorageti. Ndiyo maana idadi inayopotea ni nusu ya rangi daima: rangi 6 zinapoteza 3, rangi 8 zinapoteza 4, rangi 10 zinapoteza 5. Kwa rangi 6, hii hapa ya 18, na zilizobaki ni 14, 25, 36:

1,1,2,4,6,2,2,3,3,4,4,5,5,6,6,1,3,5

Nimeipenda hii kwa kuwa inakuambia nini kinapotea, sio kiasi tu.

#17 Mwl_Chaki

@Dada_Seti ni hoja ile ile imegeuzwa.

#18 Dada_Seti

Mwalimu, kwa heshima zote, si ile ile. Subiri nikuonyeshe inapofika mbali kuliko yako. Naona tunakwenda kwenye sharti la majirani muda si mrefu.

#19 Fundi_Nguzo

Na mimi ndilo nililokuja nalo. Hamjaona kwamba kuruhusu majirani kufanana rangi ni kasoro? Fikirieni njia ya mzunguko yenye nguzo, kila nguzo ina rangi. Nimepotea usiku, nimeona nguzo ya nyuma yangu na ya mbele yangu. Nikiona bluu halafu njano, najua niko ukingo upi na pia ninaelekea upande gani. Nikiona bluu halafu bluu, najua niko wapi lakini sijui naenda mbele au narudi. Majirani lazima watofautiane. Toeni dabo.

#20 BarazaniShangani

Dhumna bila dabo ni nini sasa? Huyu fundi anataka kutuharibia baraza.

#21 Mtafiti_Bara

Yote mawili yamechunguzwa, kila moja kivyake. Frank, Harary na Plantholt waliandika mwaka 1982 kuhusu kutofautisha kingo kwa rangi za vipeo, majirani wakiruhusiwa kufanana. Hopcroft na Krishnamoorthy mwaka 1983 wakaandika pia, nao wakaonyesha kwamba kwa grafu yoyote ile (mtandao wowote wa vipeo na kingo), kutafuta idadi ndogo kabisa ya rangi ni tatizo gumu la aina ya NP-kamili, yaani hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulitatua. Baadaye wengine wakaongeza sharti kwamba majirani watofautiane, na hilo ndilo lililoshika zaidi kwenye maandishi ya sasa. Hata kwenye miti, grafu zisizo na duara lolote, Edwards na McDiarmid walionyesha mwaka 1995 kwamba bado ni gumu.

Duara ni mojawapo ya grafu chache ambazo jibu lake linaandikika mstari mmoja. Tushukuru.

#22 Mhandisi_Mdogo

Basi kwa sharti la @Fundi_Nguzo unatoa dabo tu kwenye kanuni ya Mwalimu? Witiri inakuwa k(k−1)/2, shufwa inakuwa k(k−2)/2. Rangi 5 zinafika 10. Kwa hiyo duara la 8, la 9 na la 10 yote ni rangi 5.

#23 Dada_Seti

Hapa ndipo nilikuwa nakusubiri.

La 10 ndiyo, ni rangi 5: 1,2,3,4,5,1,3,5,2,4. La 9 hapana. La 8 pia hapana. Yote mawili yanataka rangi 6!

Tazama zilizobaki. Rangi 5 zina jozi 10 bila dabo. Kila rangi ina wenzake 4, shufwa, na duara linatumia shufwa, basi zinazobaki kwa kila rangi nazo ni shufwa. Duara la 9 linaacha jozi moja. Jozi moja, tuseme 12: rangi 1 imebakiwa na kitu kimoja. Witiri. Haiwezekani. Duara la 8 linaacha mbili. Jozi mbili tofauti, vyovyote utakavyozichagua, kuna rangi itakayobakiwa na moja. Haiwezekani. Ukiacha tatu unaweza, ziwe pembetatu 12, 23, 31. Kwa hiyo duara la 7 ni rangi 5, la 8 na 9 ni rangi 6, la 10 ni rangi 5 tena.

Ni hivyo kwa kila witiri kuanzia 5. Rangi 7 zina jozi 21: duara la 21 linakubali, la 19 na la 20 yanakataa. Mwalimu, kwa kutazama zilizotumika tu, ungeliona hili?

#24 JogooWaKodi

Nimeendesha mashine kwa 7, 8, 9, 10 bila dabo. Dada yuko sahihi. La 8 kwa rangi 6 hili hapa: 1,3,2,4,1,5,2,6.

#25 Mchorageti

Duara dogo linadai rangi nyingi kuliko kubwa! Dada_Seti, hili ni zuri kuliko swali langu.

#26 Mwl_Chaki

Nimeiona, na ni nzuri kweli. Lakini bado nasema mzizi ni kuingia na kutoka. Bila hilo, hata hizo zilizobaki usingejua zinapaswa kuwa shufwa.

#27 BarazaniShangani

Na dabo ndizo zinazookoa. Kwenye dhumna kamili, ukitaka duara fupi kwa kete moja, unachomoa dabo moja, duara linaziba lenyewe. Kwa fundi hana cha kuchomoa. Ndiyo maana wazee hawakutoa dabo.

#28 Fundi_Nguzo

@BarazaniShangani nimekuelewa, ila wazee wako hawakupotea usiku kwenye njia ya mzunguko.

#29 Swila

@Fundi_Nguzo kama unajua unaelekea upande gani, mfano njia ni ya kwenda upande mmoja tu, basi huhitaji rangi nyingi hivyo. Bluu-njano na njano-bluu zinakuwa vitu viwili tofauti. Rangi 3 zinatoa jozi 9 zenye mpangilio, na duara la 9 lile lile lililomshinda Mchorageti kwa rangi 4 linakubali rangi 3:

1,1,2,2,3,3,1,3,2

Zisome kufuata saa: 11, 12, 22, 23, 33, 31, 13, 32, 21. Hazijirudii. Kwa rangi k unafika k² bila kupoteza chochote, shufwa au witiri. Haya ni maduara ya de Bruijn, Mholanzi, aliyeandika mwaka 1946.

#30 Mtafiti_Bara

De Bruijn mwenyewe alikuja kueleza mwaka 1975 kwamba Mfaransa Camille Flye Sainte-Marie alikuwa ameshahesabu maduara hayo ya alama mbili mwaka 1894. Jina limebaki la de Bruijn.

#31 Nyakati_za_Kisumu

Tena? Kwenye huu uzi kila mwenye jina ametanguliwa na mwingine.

#32 Dada_Seti

Na angalieni, kwa njia ya Swila shufwa na witiri hazina shida kabisa. Kila rangi ina njia k za kutoka na k za kuingia, zinalingana daima. Kwa hiyo Mwalimu, tatizo la rangi 4 si kuingia na kutoka kwenyewe. Ni kwamba njia moja haiwezi kutumika kwa kuingia na pia kwa kutoka. Mimi naona sababu ya kweli iko hapo.

#33 Mwl_Chaki

Hilo ndilo nililosema kwa maneno mengine.

#34 Tausi_K

Naomba kuuliza nje kidogo. Kete 28 za dhumna zinapangika kwa njia ngapi?

#35 Swila

@Tausi_K mistari ya kete zote 28, ukihesabu kushoto kwenda kulia, ni 7,959,229,931,520. Inatokana na hivi: bila dabo, kuna mizunguko 129,976,320 inayopita jozi zote 21 za namba 7, ukihesabu na mwelekeo. Kila namba inapitiwa mara 3 kwenye mzunguko, kwa hiyo dabo yake ina nafasi 3 za kukaa. Namba 7, unazidisha 3 mara saba, ni 2,187. Kisha unaweza kulikata duara sehemu 28 ili liwe mstari. Zidisha zote.

#36 BarazaniShangani

Trilioni karibu nane, na bado kuna mtu barazani kwetu anacheza mchezo ule ule kila siku.

#37 Mhandisi_Mdogo

Wakuu, niongeze swali. Tumeona duara moja la 6 linatosha rangi 3. Je, maduara mawili ya vipeo 3, yaliyotengana, yakitumia rangi kwa pamoja? Kingo ni 6 vile vile.

#38 Dada_Seti

Hapana, na hapa hata dabo hazikusaidii @BarazaniShangani. Duara la vipeo 3 haliwezi kubeba dabo: ukiweka 1,1,2 unapata 11, 12, 21, na 12 imejirudia. Lazima liwe pembetatu ya rangi tatu tofauti. Pembetatu mbili kwenye rangi 4 lazima zishirikiane upande mmoja. Kwa hiyo ni rangi 5: 1,2,3 na 1,4,5.

#39 Mchorageti

Kingo 6, duara moja rangi 3, maduara mawili rangi 5. Kwa hiyo kuungana nako kuna uzito wake, na hakuna kati yenu aliyekutaja kwenye sababu. Je, maduara mawili ya vipeo 4? La 4 linaweza kubeba dabo moja: 1,1,2,3.

#40 JogooWaKodi

Rangi 4 haziwezi, mashine imeshasema. Rangi 5 zinatosha: 1,1,2,3 na 4,4,1,5.

#41 Mwl_Chaki

@JogooWaKodi mashine imesema haiwezi. Sasa tuambie kwa nini.